Mama Mkubwa Ataka Kurudi Quiterajo

Kazi iliyonilisha kwa miaka mingi ilikuwa ni kuwauliza wazee maswali ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeyacheka. Leo ni siku gani? Daraja ni kitu gani? Nyundo hutumiwa kwa kazi gani? Mwenyekiti wa kijiji hiki ni nani? Kisha nilimpa mzee maneno matatu ayashike kichwani, yaani mashua, nyumba na samaki. Nikamzungumzisha habari nyingine, na baada ya muda nikamwomba anirudishie maneno yangu. Wapo walionicheka, na wapo walionionea huruma kwamba nimesoma nikaishia kutojua siku. Mzee mmoja aliniambia kuwa daraja ni kitu ambacho kijiji chake kimekuwa kikikingoja tangu uhuru. Nilimpa alama yake.

Maswali hayo, ndugu msomaji, si mchezo. Ni mlango wa kuyajua maradhi ambayo madaktari huyaita dimenshia, na ambayo sisi majumbani tumezoea kuyapitia kwa kusema tu kwamba mzee amerudi utotoni. Alois Alzheimer, daktari wa Kijerumani, alipompokea mgonjwa aitwaye Auguste Deter katika hospitali ya Frankfurt mwaka 1901, naye alianza kwa maswali ya namna hiyo hiyo. Bibi yule alikuwa na umri wa miaka 51 tu. Alipoulizwa jina la mumewe alitaja lake mwenyewe. Alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini akakuta mabaka na nyuzi zilizojisokota mahali ambapo palipasa kuwa na chembe hai, na tangu hapo ikafahamika kwamba kusahau kwa namna hiyo si adhabu wala si umri peke yake, bali ni ugonjwa wenye alama zake mwilini, kama vile kifua kikuu kilivyo na alama zake.

Kwetu Afrika ilichukua muda kusadiki kuwa maradhi hayo yapo kwa wingi. Mimi niliingia katika kazi hiyo wakati wa uchunguzi wa Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, uliofanywa na madaktari wa Moshi pamoja na wenzao wa Newcastle, Uingereza. Katika vijiji sita waliulizwa wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Kujua umri penyewe palikuwa na kazi, maana wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, ikawa ni kuhesabu kwa matukio: ulikuwa umekwisha olewa vita vya Hitler vilipokwisha? Ulikuwa na watoto wangapi siku ya uhuru? Hatimaye madaktari walithibitisha wagonjwa 78, na hesabu zilipopangwa sawa kwa umri zikaonyesha kwamba katika kila wazee 100 sita hivi walikuwa na maradhi hayo. Karibu wote walikuwa wakiishi majumbani mwao bila ya yeyote kuwaambia jamaa zao jina la kinachowasumbua.

Dodoso tulilolitumia lilikuwa na nusu mbili. Ya kwanza ni hiyo ya nyundo na daraja. Ya pili haikumhusu mzee, bali mtu wa nyumbani mwake: binti, mkwe, mjukuu, yeyote aliyeishi naye. Huyo aliulizwa kama mzee amebadilika, kama hupotea njia aliyoizoea, kama husahau jana iliyopita huku akikumbuka ya zamani, kama kazi aliyokuwa fundi wake imemshinda. Nakiri kwamba nusu hii ya pili niliiona ni nyongeza tu. Niliyapenda maswali yenye alama.

Sasa niingie katika jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mama yangu alizaliwa Quiterajo, katika Wilaya ya Macomia, jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji. Ni kijiji cha pwani, cha wavuvi na minazi, si mbali na mahali ambapo Mto Messalo unaingia baharini. Watu wake husema Kimwani, lugha iliyo jirani sana na Kiswahili, hata Mswahili akikaa kimya kidogo akasikiliza hupata maana. Vita vya ukombozi vilianza katika wilaya hiyo hiyo, huko Chai, tarehe 25 Septemba 1964. Mwaka uliofuata mama yangu alivuka Ruvuma akiwa msichana, akapokewa katika makazi ya wakimbizi ya Rutamba, mkoani Lindi, na huko ndiko nilikozaliwa mimi. Dada yake, ambaye ni mama yangu mkubwa, hakuvuka. Alikuwa ameolewa na mvuvi, na mumewe alisema kwamba dau halina miguu ya kukimbilia bara.

Nilimwona mama mkubwa kwa mara ya kwanza mwaka 1993, amani ya Msumbiji ilipokuwa bado changa. Alikuwa fundi wa mikeka. Alisuka ukili huku akizungumza, huku akigombeza kuku, huku akinitazama usoni kutafuta sura ya mdogo wake. Vidole vyake havikuhitaji macho. Mkeka alionipa mwaka ule ninao hadi leo.

Niliporudi mwaka 2016 alinipokea kwa furaha, nikamwamkia, akaitika, akaniuliza, "Mama yako hajambo?" Mama yangu alikuwa amefariki miaka saba kabla ya hapo, na mama mkubwa mwenyewe alikuwa amekalia matanga yake. Nikamkumbusha kwa upole. Akalia. Kabla ya kulala aliniuliza tena, akalia tena kama aliyesikia kwa mara ya kwanza. Asubuhi nilikuta sufuria mekoni, moto unawaka na maji hayamo. Na mimi, niliyekuwa nikilipwa mshahara kwa kuuliza maswali ya kusahau, nilijiambia kuwa ni uzee na majonzi, nikafunga mizigo yangu nikarejea Moshi kuwauliza wazee wa watu wengine.

Yaliyofuata yanajulikana na kila asomaye magazeti. Tarehe 5 Oktoba 2017 wapiganaji walishambulia Mocímboa da Praia. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikaipiga pwani ile. Mwaka 2020 watu wa Quiterajo walikimbia, na ufukwe wa Paquitequete, katika mji wa Pemba (Pemba ya Msumbiji, wala si kisiwa chetu), ukapokea madau na mashua zilizojaa wanawake, watoto na magodoro. Mama mkubwa alikuwamo katika mojawapo, pamoja na binti yake, ambaye kwangu ni dada.

Nilifika Pemba mwezi wa Januari 2022. Walikuwa wanakaa Paquitequete, katika chumba kimoja cha jamaa. Dada alinieleza kwamba kila jioni mama hufunga kanga zake katika bunda, hutoka, hushika njia ya ufukweni kutafuta dau la kumrudisha Quiterajo. Akizuiwa hupiga makelele kwamba ametekwa. Majirani walisema ni majini ya baharini. Ndugu wa kiume walisema ni majonzi, na kwamba dawa yake ni moja tu: apelekwe Quiterajo aone mahali pake, akili itarudi. Walikwisha kupatana na nahodha. Usalama wa pwani ile ulikuwa wa mashaka na zahanati nyingi zilikuwa zimebomolewa, lakini walikuwa tayari, kwa kuwa walimpenda.

Nikafanya nililolijua. Nilikaa naye mkekani nikamwuliza.

"Mama mkubwa, hapa tulipo ni wapi?"

"Quiterajo."

"Na kiongozi wa hapa ni nani?"

Akamtaja mtu aliyekufa zamani. Nikampa maneno matatu, mashua, nyumba na samaki. Nikamzungumzisha habari za pepo na bei ya sukari, kisha nikamwomba anirudishie. Akafikiri sana.

"Mashua tulipanda," alisema. "Nyumba waliichoma."

La tatu hakulipata. Nilishika kalamu nikashindwa kuandika. Je, yale mawili yalikuwa maneno yangu aliyoyashika, au yalikuwa maisha yake yanayojisemea yenyewe? Na mtu aliyeng'olewa kwao kwa moto, akisema bado yuko kwao, ni mgonjwa au ni mkaidi wa haki? Kiongozi wa hapa ni nani, nami mwenyewe sikumjua! Maswali yetu yalitungwa kwa ajili ya mzee aliyetulia mahali pamoja, anayemjua mwenye duka na mwenye msikiti. Kwa mkimbizi, nusu ya kwanza ya dodoso ilikuwa haina miguu.

Usiku ule nilimgeukia dada, nikamwuliza yale ya nusu ya pili, yale niliyoyadharau. Hakuhitaji kusukumwa. Alisema kwamba mwaka 2015, kabla ya vita, kabla ya kimbunga, mama alipotea njia ya kisimani, njia aliyoikanyaga tangu utoto, akarudishwa na watoto waliokuwa wakicheka. Alisema kuwa mwaka huo huo alianza kufumua ukili aliousuka, akausuka tena, akaufumua tena, hadi siku moja akauweka chini asiushike tena, na watu wa nyumbani wakafurahi kwamba sasa bibi anapumzika. Alisema yote hayo kwa utaratibu, mwaka kwa mwaka, kama karani. Kisha akaniuliza jambo ambalo bado linanichoma: "Wewe ulikuja mwaka 2016. Hukuona?"

Niliona. Nikamwambia niliona.

Hivyo basi ugonjwa ulimwanza Quiterajo penyewe, katika amani, na vita vilipokuja vikaufunika kwa moshi wake. Nilipowaeleza ndugu wa kiume hawakunisadiki upesi, na siwalaumu. Niliwapa mfano mmoja wa Hai. Huko nilimkuta mzee ameketi kwenye baraza ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, migomba yake mbele yake, akimsihi mkwewe ampeleke nyumbani. Wagonjwa wengi wa namna hiyo huomba nyumbani wakiwa nyumbani. Wanachokitafuta ni wakati, wala si mahali. Mkimpeleka Quiterajo, nilisema, ataiomba Quiterajo akiwa ndani yake, nanyi mtakuwa mmemtia baharini bure. Walinyamaza muda mrefu. Nahodha akarudishiwa jibu.

Dawa ya kuyaondoa maradhi haya haijapatikana, nami sikuwadanganya. Niliwasimulia kuhusu Hai, ambako wazee 34 walikusanywa katika vikundi kwa vikao 14 vya mazungumzo katika muda wa wiki saba, wakazungumza habari za vyakula, za utoto wao, na ilipopimwa ikaonekana akili zao zimechangamka kidogo na wasiwasi umepungua. Dada aliposikia hayo alicheka. "Mazungumzo tu? Basi tutamzungumzisha."

Niseme neno moja kwa ndugu zetu askari na polisi, maana mara nyingi wao ndio wanaokutana na wazee hawa saa ambazo jamaa wamelala. Kabla sijafika, mama mkubwa aliwaponyoka usiku akakutwa na doria. Aliulizwa anatoka wapi, akajibu Quiterajo. Anakwenda wapi? Quiterajo. Fikiri jibu hilo lilivyosikika wakati ule, wakati kila aliyetoka upande huo alitazamwa mara mbili. Lakini katika doria ile alikuwamo kijana mmoja aliyefahamu Kimwani. Alitambua kuwa bibi amevaa kanga nje ndani, na kwamba kila akiulizwa upya hujibu upya bila kukasirika wala kubuni hadithi, jambo ambalo mwenye hila haliwezi. Akambebea bunda lake, akamwuliza habari za mikeka, akatembea naye nyumba hadi nyumba mpaka akapata kwao. Jina lake hatukulipata.

Tena askari ajue kwamba kuumia kichwa ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya maradhi haya baadaye, pamoja na shinikizo la damu lisilotibiwa, kisukari, sigara, ulevi, uziwi ulioachwa bila kusaidiwa, na kukaa peke yake bila watu. Mwaka 2024 wataalamu walioandika katika jarida la The Lancet walihesabu mambo 14 ya aina hiyo, wakasema yakiondolewa yote, karibu nusu ya wagonjwa wangeweza kuepushwa au kucheleweshwa. Kupima shinikizo la damu hakuhitaji mtambo mkubwa.

Siku ya mwisho nilitaka kuona jinsi dada anavyoishinda jioni. Jua lilipoanza kushuka mama mkubwa alifunga bunda. Dada hakumzuia. Alimshika mkono, nami nikafuata, tukaenda hadi ufukweni. Mama mkubwa alinigeukia, akaniita kwa jina la mama yangu, akaniambia niharakishe.

"Maji yamekupwa, mama," dada alisema. "Dau liko juu ya mchanga. Tungoje yajae."

Mke wa mvuvi akaitazama bahari, akaona ni kweli, akaketi. Tulikaa kama saa moja, kisha akasikia baridi, akaomba tumpeleke ndani.

Njiani nilimwuliza dada kwa sauti ndogo, "Na siku ambazo maji yamejaa?"

"Humwambia kaskazi inavuma, hatuwezi kwenda juu kwa pepo hii. Hilo nalo analijua."

"Na kusi ikianza?"

Alitembea hatua kadhaa bila kujibu, akilirekebisha bunda kichwani. "Kusi ikianza," alisema, "tutaona."