Kiwanja Kidogo cha Chumbageni

Tanga mjini viwanja vingi havinunuliwi, vinarithiwa. Mzee anafariki, watoto wanakaa kikao, na kiwanja kilichomtosha mtu mmoja kinakuwa vipande vitatu. Shangazi yangu alipata kipande chake Chumbageni kwa njia hiyo: mita 12 kwa 18. Jamaa walimshauri akiuze akatafute eneo pana Pongwe au Maweni. Hakutaka kusikia. Soko la Mgandini liko jirani, hospitali ya Bombo si mbali, na watakaomzika, alisema, wako pale pale mtaani. Basi ikabaki kujenga.

Nilikuwepo alipoletewa ramani ya kwanza. Ilikuwa na vyumba vitatu vya kulala, kimoja masta, sebule kubwa, chumba cha kulia, jiko, stoo, na korido ndefu katikati. Nyumba ilijaza kiwanja karibu chote, nyuma ikibaki njia ya kupita mtu mmoja. Kwenye karatasi ilipendeza sana. Shangazi aliitazama kwa muda, akasema, "Fundi, kitanda changu ni sita kwa sita. Hebu kiweke humo."

Fundi akachukua penseli. Chumba kilikuwa mita 3 kwa 3, yaani kama futi 10 kila upande. Kitanda kikila futi 6, zinabaki futi 2 kulia na 2 kushoto. Kabati lenye kina cha futi 2 likikaa miguuni, linaacha futi 2 za kupitia, na milango yake ikifunguliwa inagonga kitanda. Mlango wa chumba nao ulifungukia ndani, moja kwa moja kwenye kona ya kitanda. Ukuta ukihama nusu mita na mlango ukageuzwa upande, chumba kinakalika. Ukiachwa kama ulivyochorwa, mtu atalala humo miaka 30 akipita ubavu ubavu.

Kisha akaweka kidole kwenye korido, pale ilipokata kona kuelekea chumba chake. Ilikuwa na upana wa sentimita 90 hapo. "Mwanangu," alimwambia fundi, "siku Mungu akinichukua, jeneza litapita wapi hapa?"

Hakuna aliyejibu. Jeneza halisimamishwi wima likageuzwa kama godoro. Linabebwa na watu, mbele na nyuma, kwa heshima, na kona ya sentimita 90 haiwapitishi. Nimewahi kuona msiba ambapo dirisha lilibidi ling'olewe. Tangu siku ile ya ramani naamini swali la shangazi linafaa kuwa la kwanza kwenye ramani yoyote, kabla ya rangi ya bati na kabla ya idadi ya vyumba, kwa sababu anayeliuliza amekubali kwamba nyumba itabeba maisha yote: kuzaliwa, kuugua, kuzeeka na kutoka.

Korido yenyewe, ukiipigia hesabu, inasikitisha. Ilikuwa na urefu wa mita 9, na kwa sehemu kubwa upana wake ulikuwa mita 1.2, karibu mita za mraba 11. Chumba cha kulala kilikuwa 9. Mama mwenye kiwanja cha kubana alikuwa anatengewa njia ya kupita iliyo kubwa kuliko chumba cha kulala.

Wazee wetu waliijua hesabu hii. Nenda Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, uingie nyumba ya Kiswahili ambayo bado haijavunjwa. Mbele kuna baraza. Katikati kuna ukumbi wenye vyumba kulia na kushoto, na nyuma ua wenye jiko, choo na sehemu ya kufulia. Ukumbi ule ni njia, lakini pia ndipo mkeka unapotandikwa, watoto wanapolala mgeni akija, bibi anaposuka ukili na upepo unapopita kutoka mlango wa mbele hadi uani. Nafasi moja inafanya kazi tano. Sisi tulichukua umbo lake, tukabana upana wake na kuliita korido, halafu tukashangaa nyumba haina hewa.

Ukienda kaskazini hadi Lamu, au ukivuka kwenda Mji Mkongwe Unguja, utakuta waliojenga kwa mawe walikuwa na kikwazo kingine. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, mara nyingi chini ya mita 3. Kwa hiyo vyumba vikawa vyembamba na virefu, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine. Badala ya kujaza makabati walichimba zidaka ndani ya unene wa ukuta, vyombo vikakaa humo bila kula sakafu. Na pale nyumba ilipofika mwisho wa kiwanja, Lamu walijenga wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro hadi ukuta wa pili, na watu wakaendelea kupita chini.

Walikuwepo waliomwambia shangazi suluhisho ni ghorofa. Huenda, lakini ngazi nayo inakula. Kupanda mita 3 kunahitaji vipandio kama 17, na ngazi ya kukunja inachukua zaidi ya mita 6 za mraba chini, na nyingine kama hizo juu. Magoti nayo yanazeeka. Kama unakusudia kweli kupanda juu, msingi na nguzo zipigiwe hesabu na mhandisi tangu mwanzo. Kuacha nondo zimechomoza juu ya nguzo kwa matumaini tu, katika mji wenye hewa ya chumvi kama wetu, ni kuilisha kutu fedha yako. Shangazi aliamua: nyumba ya chini, basi.

Ramani ya pili ilikuwa mita 9 kwa 12. Iliacha mita moja na nusu kila ubavu, mita 2 mbele na mita 4 nyuma. Chumba cha kulia kilifutwa na korido ikafutwa. Vyumba vinafungukia sebule, ambayo ndiyo ukumbi, na mlango wake wa nyuma unatazamana na wa mbele ili kusi na kaskazi zipite. Stoo iliingia kwenye ukuta mnene wa jiko. Choo kimoja kiliwekwa mahali ambapo mgeni na mgonjwa wote wanakifikia bila kupita chumbani kwa mtu.

Watu wengi waliona zile mita 4 za nyuma kama hasara. "Pale zingetoka fremu mbili za kupangisha," mmoja alisema. Mimi naona ndizo zilizoikomboa nyumba. Karo liko pale, na gari la kunyonya linalifikia kwa mpira kupitia ubavuni. Maji ya masika kutoka kwenye bati yanaingia kwenye tanki lake, hayamwagikii kwa jirani. Kukiwa na hitima, turubai linafungwa pale na sufuria zinatelekwa. Nafasi isiyo na ukuta inageuka chochote siku inapohitajika, jambo ambalo chumba hakiwezi.

Nimejifunza kwamba wengi wetu hatubanwi na kiwanja. Tunabanwa na watu tunaowawaza: wageni wa Idi, macho ya majirani, picha za nyumba za mtu mwingine. Shangazi alijenga kwa kuwataja kwa majina watakaolala mle siku ya kawaida, isiyo na jambo. Hawakuzidi watano.

Kwa hiyo wewe mwenye kipande chako, kabla ya kwenda Halmashauri kuomba kibali, chukua vigingi, kamba na chokaa, uichore nyumba chini kwenye udongo kwa vipimo vyake halisi. Beba kitanda ukiweke. Tembea na mzee wa nyumbani kutoka chumbani hadi nje, na kila anapokwama, futa mstari uuchore upya. Chokaa ni rahisi kufuta kuliko tofali.