Matembezi ya Alasiri Katika Karema



Wako watu wadhanio ya kuwa kutembea bila mzigo kichwani wala jembe begani ni kazi ya wavivu. Mtu akionekana njiani Jumapili baada ya Misa, naye hana mgonjwa wa kumtazama wala deni la kudai, huulizwa, "Waenda wapi?" Akijibu, "Natembea tu," watu hutazamana. Lakini sisi twasema kwamba yako matembezi yenye faida kuliko safari nyingi, nayo hayadai nauli wala nguvu za ujana. Twataka leo kuwaeleza matembezi ya namna hiyo katika mji wa Karema, ulioko kando ya Ziwa Tanganyika, katika mkoa wa Katavi. Mji wenyewe ni mdogo. Walakini mambo yaliyotendeka hapo ni makubwa, na yote yako karibu karibu, hata mtoto wa miaka minane huyazunguka kwa alasiri moja bila kulia.

Wakati mwema ni kiangazi, tangu Juni hata Oktoba, njia zikiwa kavu. Ondokeni saa kumi, jua likiisha kupoa. Chukueni maji ya kunywa na fimbo. Tena chukueni mtoto mmoja na mzee mmoja, maana pasipo hao wawili matembezi haya yatapungua nusu ya faida yake.

Anzeni kilimani, kwenye majengo ya misioni. Hapo ndipo alipojenga ngome yake Kapteni Cambier, Mbelgiji, mwaka 1879. Alitumwa na Chama cha Kimataifa cha Afrika, kilichoundwa na Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Watoto hupenda kusikia habari za mwaka ule, kwa sababu mfalme huyo alileta tembo wanne waliofugwa kutoka India, wakashushwa pwani karibu na Dar es Salaam, ili ijulikane kama tembo waweza kuchukua mizigo ya bara badala ya wapagazi. Safari ilikuwa ndefu, wengine wakafa njiani, na mwisho shauri lile halikufaa kitu. Mizigo ikarudi vichwani pa watu kama zamani.

Mwaka 1885 mfalme aligeuza macho yake kuelekea Kongo, na ngome ya Karema ikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadri Weupe. Siku zile biashara ya watumwa ilikuwa ingali ikiendelea katika nchi hizi. Watu walikamatwa ng'ambo ya ziwa, wakavushwa kwa mashua, kisha wakapelekwa Tabora na pwani. Mapadri waliwakomboa baadhi yao, hasa watoto, kwa kutoa nguo na bidhaa nyingine, wakawakalisha karibu na kuta. Hivyo ngome iliyojengwa kwa ajili ya safari za Wazungu ikawa kimbilio la watu wasio na kwao. Mwambieni mtoto aishike kuta kwa mkono wake, maana jambo lililoguswa halisahauliwi upesi.

Kisha telemkeni kuelekea ziwani. Hapa mtoto mwenye akili atauliza, "Kama ngome ilijengwa kando ya maji, mbona maji yako mbali?" Swali hilo ni jema, na jibu lake ni hili. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga, ulioko upande wa Kongo. Stanley alipoufikia mwaka 1876 aliuona umezibwa kwa matope na majani, na ziwa lilikuwa likizidi kujaa. Miaka michache baadaye maji yalivunja kizuizi, yakaanza kumwagika kuelekea mto Lualaba. Muda wa miaka kama 15 ziwa likashuka karibu meta 10. Pwani ya Karema ikaachwa wazi, na palipokuwa pakipita mashua pakawa nchi kavu.

Lakini msidhani kwamba ziwa limekwenda moja kwa moja. Miaka ya 2020 limepanda tena, na mwaka 2024 maji yaliingia katika nyumba na barabara za miji mingi ya ufukoni, kama Kalemie na Bujumbura. Wazee husema ziwa nalo lina miguu. Kwa hiyo mfikapo ufukoni, tazameni wavuvi wakianika dagaa, tazameni na bandari mpya iliyojengwa kwa ajili ya meli za kwenda Kongo, lakini msiwaache watoto waoge mahali penye majani, kwa maana mamba na viboko hawana Jumapili.

Sasa twafikia jambo lililotusukuma kuandika. Katika nyumba yetu yumo binti wa miaka kumi na mmoja. Siku moja alirudi kutoka shuleni kimya, akakataa chakula. Tulipombembeleza alisema kwamba wenzake walikuwa wakitaja makabila yao, huyu Mbende, huyu Mpimbwe, huyu Mfipa, huyu Mkonongo. Zamu yake ilipofika, msichana mmoja akamtangulia kusema, "Huyu hana kabila. Babu wa babu zake alinunuliwa kwa kitambaa." Wote wakacheka. Binti akatuuliza, "Je, ni kweli?"

Wasomaji, neno hilo ni kweli, wala si katika nyumba yetu tu. Ziko jamaa nyingi zilizotoka katika wale waliokombolewa, nazo kwa miaka mingi zimenyamaza. Wengine walijitwalia kabila la majirani, wengine hukasirika wakiulizwa. Twaelewa sababu yake, maana aibu ya utumwa haifi pamoja na minyororo. Ila tuliona kwamba tukimficha mtoto, tutakuwa tumekubaliana na wale waliocheka. Basi Jumapili ile tulimchukua pamoja na bibi mmoja wa ukoo wetu, aliyekwisha kupita miaka themanini, tukashika njia hii hii.

Bibi huyu tulikuwa tumemwuliza mara nyingi akiwa amekaa mkekani kwake, naye alijibu sikuzote, "Mambo ya zamani nimeyasahau." Lakini tulipopita kilima na kuingia katika mashamba yaliyo kati ya ngome na ziwa, alisimama ghafula, akachoma fimbo yake ardhini katikati ya mihogo ya watu. Akamwambia binti, "Mjukuu wangu, hapa palikuwa maji. Babu yangu alishushwa mashuani mahali hapa, akiwa hajaota meno ya ukubwani. Alinionyesha mwenyewe nilipokuwa kama wewe. Mama yake alibaki ng'ambo ile, hakumwona tena." Kisha akalitaja jina la mama yule. Sisi watu wazima hatukuwa tumelisikia jina hilo hata siku moja. Tokea hapo tumejua kwamba mzee akiulizwa nyumbani kwake hukumbuka kidogo, bali akipelekwa mahali penyewe, miguu humkumbusha ulimi.

Kutoka ufukoni tulipanda tena mpaka makaburini, kwa mzee Adriano Atiman. Msiomjua, jueni hivi. Alizaliwa karibu mwaka 1866 kando ya mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na Mapadri Weupe huko Algeria. Kadinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alimpeleka kisiwa cha Malta pamoja na vijana wengine wa Kiafrika wasomee uganga. Alifika Karema mwaka 1889 akiwa daktari na katekista, akamwoa Agnes Wansahira, na mwana wao mmoja akawa padri. Aliwatibu watu wa nchi hii kwa zaidi ya miaka 60, akafariki mwaka 1956. Wabende na Wafipa, machifu na wapagazi, wote waliupokea mkono wake, wala hatujasikia mgonjwa aliyekataa dawa kwa sababu mganga alikuwa amenunuliwa.

Binti alisimama kaburini muda mrefu. Mwisho akauliza, "Yeye naye alikuwa hana kabila?" Bibi akamjibu, "Alikuwa nalo, mwanangu, akaibiwa. Mwenye haya ni mwizi."

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hutumiwa sana kuwacheka wenzetu waliokombolewa, lakini itazameni vema. Haikusema kwamba aliyenunuliwa ni mtumwa. Yamsema yule aiachaye asili yake kwa hiari. Aliyetekwa, akakumbuka jina la mama yake, akalirithisha kwa wajukuu, huyo hakuacha kitu. Hata Waisraeli waliagizwa wasisahau kwamba walikuwa watumwa huko Misri, wala hawakuambiwa wasingizie kuwa walizaliwa huru.

Yule binti sasa ana daftari ambamo ameandika majina ya wazee wake, nayo yamefika saba. La juu kabisa ni la mama yule aliyebaki ng'ambo. Siku ya makabila ilipokuja tena darasani, alisimama mwenyewe, akaeleza habari za mashua na mihogo, na mwalimu akamwacha amalize. Baadaye watoto wawili wakamfuata pembeni, wakamwomba awapeleke kwa bibi, kwa kuwa nao kwao hawaambiwi kitu.

Basi, walimu na wazazi, hatuna budi kuwatembeza watoto wetu. Si lazima muwe Karema. Kila mji wetu una kilima chake, mti wake wa baraza, njia yake ya misafara na makaburi yake. Walio Mpanda wana mahali palipochimbwa risasi na njia ya reli iliyoletwa kwa ajili yake, nao wazee waliofanya kazi huko wanapungua. Msingoje sikukuu, wala msingoje fedha ya safari. Jumapili hii ikiwa kavu, mshikeni mzee mkono, nendeni naye polepole, na apaposimama simameni. Kiangazi kitarudi mwakani. Mzee hana ahadi hiyo.