Gerezani si pa mchezo: Nilivyosaka mashine ya randa

Asikwambie mtu, msomaji wangu. Hapa Dar ukitaka kujua akili yako ina uzito gani, ingia Gerezani na pesa mfukoni. Ukitoka na pesa zako, au na kitu kinacholingana na pesa zako, wewe mjanja. Ukitoka na hadithi tu, karibu kwenye chama chetu.

Gerezani ipo pua na mdomo na Kariakoo, lakini ni dunia nyingine kabisa. Kariakoo unauziwa kitenge, Gerezani unauziwa chuma. Kila unapogeuka ni nyundo, cheche za kuchomelea na harufu ya oili chafu. Jenereta, pampu za maji, injini, mota za kila saizi, nyingi zimeshatumika huko ughaibuni zikachokwa, zikapakiwa kwenye kontena na kushushwa bandarini kwetu. Ni mitumba, ila haivaliki. Mama ntilie anapita katikati na sahani za wali maharage, na usipoangalia unapigwa kumbo na mkokoteni uliobeba injini ya lori.

Nilifuata nini huko? Mashine ya randa. Mimi ni zao la Fomu Foo, ajira naisikia redioni tu, na kalamu hii, mhariri wangu ni shahidi, haijazi sufuria. Kwa hiyo nyuma ya nyumba yetu Tandika nimepiga bati sita, nikaweka meza, natengeneza stuli na vitanda. Tatizo ni kuranda. Kwa randa ya mkono, mbao za kitanda kimoja zinanila siku nzima na mgongo juu. La sivyo nizibebe hadi Keko, nipange foleni kwenye mashine ya watu, nilipe kwa ubao, na umeme ukikatika nirudi kesho.

Bahati nzuri mama akapokea mchezo wake, shilingi 800,000. Zilikuwa za kuezeka upya chumba chake, maana kinavuja kama chujio. Akanipa zote. "Nakukopesha, mwanangu. Masika yakinikuta bila bati, tutagawana ndoo." Hapo ndipo roho ilipoanza kunidunda.

Kwa wasioijua mashine yenyewe, juu ina meza mbili zimefuatana, katikati kuna mhimili wenye visu unaozunguka. Unapitisha ubao juu, uso unanyooka. Kisha unaupitisha tena chini ya hizo meza, unatokea upande wa pili una unene mmoja mwanzo hadi mwisho. Hizi ndogo za bei nafuu mara nyingi hazimezi ubao unaozidi upana wa inchi 10 na unene wa inchi 6. Kiwandani watakucheka, lakini kwa mguu wa kitanda inatosha na chenji inabaki.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda peke yangu, kichwa juu. Nikampata kijana wa rika langu, mdomo asali. Mashine yake ya kijani, inang'aa kama imezaliwa jana.

"Kaka, hii Mjapani. Mjapani hakosei."

"Tuwashe basi."

"Umeme umekatika, kaka."

Msomaji, duka la jirani redio ilikuwa inaimba kwa sauti ya juu kabisa! Wala sikuisikia. Nilikuwa tayari nasikia mashine yangu inanguruma Tandika. Tukakubaliana 600,000, nikaacha advansi 50,000, risiti hakuna, nikaondoka zangu natembea kama mwenye kiwanda.

Nikakatisha Kamata penye reli, nikashika barabara ya Nyerere, nikaingia Chang'ombe Road hadi Keko kutafuta fundi wa kunifungia mashine. Keko huhitaji kuuliza njia. Makochi yamepangwa kandokando ya barabara, vitanda vimesimamishwa kama wanafunzi mstarini, vanishi inakupanda puani. Ndani kwenye mabanda maranda yanafika magotini, na wafuga kuku wanayajaza kwenye magunia wakatandike mabandani. Nikamkuta mzee ninayempelekea mbao zangu siku zote.

"Shikamoo, mzee. Nimepata mashine!"

"Marahaba. Umeiwasha?"

"Umeme ulikatika."

Akaendelea kupiga msasa. "Plagi yake ina miguu mingapi?"

"Miwili, bapa."

Akaacha msasa. Akaniomba picha kwenye simu, akaikuza hadi kwenye kile kibati cha ubavuni. Imeandikwa 100V. Akanieleza taratibu kama mtoto wa chekechea. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, wetu huku ni 230. Nikiichomeka ukutani, mota inaungua kabla sijaita mama aje kuona. Labda ninunue transfoma ya kushusha umeme, tena kubwa yenye uwezo kuliko mota yenyewe. Hiyo gharama yake ni mlango mwingine.

Nilirudi Gerezani mbio. Kijana yuleyule, asali imekauka mdomoni. "Advansi hairudi, kaka. Nimefukuza wateja watatu kwa ajili yako." Elfu hamsini ya bati za mama ikawa imekwenda na maji. Nilimwambia mama? Siku hiyo sikumwambia.

Jumamosi iliyofuata nikamwomba mzee anisindikize. Akaja na rula ndefu ya chuma na kipande cha ubao wa mpaini kwapani, utadhani anakwenda kumchapa mtu. Ya kwanza tuliyoiona ina plagi ya njano ya duara. Mzee hakusimama hata. Akasema hizo ni za volti 110, Uingereza wanazitumia kwenye maeneo ya ujenzi. Ya pili kubwa, nzuri kweli, lakini ya umeme wa njia tatu. Nyumbani tuna njia moja na Luku inayolia kila wiki. Tukapita.

Ya tatu, sikufichi, ilinikatisha tamaa. Kijivu, imepauka, meza zina kutu. Lakini kibati kinasema 230V, 50Hz, plagi ya miguu mitatu kama za kwetu. Muuzaji, mtu mzima, hakusubiri kuombwa, akachomeka, akawasha. Mama yangu! Mlio kama ndege inataka kuruka. Hizi ndogo nyingi mota zake ni za kaboni, kama za drili, na visu vinazunguka zaidi ya mara 8,000 kwa dakika. Ziba masikio au uzoee kuitwa mara mbilimbili.

Mzee akazima, akachomoa waya ukutani, ndipo akaigusa. Akazungusha mhimili wa visu kwa mkono akisikiliza beringi, akautikisa juu na chini kuona kama unacheza. Akalaza rula juu ya meza zote mbili, akainama kutafuta kama mwanga unapenya chini yake. "Kutu inatoka kwa msasa," akasema. "Visu vinanolewa au vinanunuliwa. Meza iliyopinda ni msiba."

Halafu akawasha tena, akapitisha ule ubao. Ukatoka umenyooka, ila una mstari mwembamba ulionyanyuka toka mwanzo hadi mwisho. Maana yake kisu kina pengo, pengine kilikula msumari. Mwisho wa ubao palikuwa pameliwa kidogo. Mzee akasema huo ni ugonjwa wa kawaida wa mashine hizi, dawa yake ni kuacha ubao mrefu kidogo kisha ukate ncha. Mimi moyoni nishanunua tayari.

Mzee akauliza, "Kinga ya visu iko wapi?"

"Aa, mzee, watu wanaitoa ile. Inasumbua kazi."

Mzee akanyanyua mkono wake wa kushoto. Una vidole vitatu. Miaka yote nampelekea mbao, sijawahi kumuuliza.

"Na mimi niliitoa," akasema.

Pakawa kimya, msomaji. Muuzaji akavua kofia, akaingia chini ya lundo la vyuma vyake. Tulisubiri kama dakika ishirini. Akatoka na kinga imejaa vumbi na oili, lakini nzima. Mzee akaifunga mwenyewe, akaijaribu, ndipo akaniruhusu nifungue mdomo kuhusu bei. Kutoka 620,000 nikaipata kwa 540,000, risiti mkononi. Mzee alikataa pesa, akakubali soda.

Visu vipya 60,000, guta hadi Tandika 15,000. Usiku nikamkalisha mama, nikamwekea chenji yake 135,000 mezani, nikamtobolea siri ya ile 50,000. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Ingenunua bati ngapi?"

"Mbili, mama."

"Basi hizo mbili weka juu ya kitanda chako. Mimi nitavujiwa kwingine."

Sasa wewe unayetaka kufuata nyayo, shika haya kabla hujashika pochi. Mashine isiyowashwa hainunuliwi, hata muuzaji akuapie. Soma kibati kabla hujaipenda rangi. Nenda na rula na ubao wako mwenyewe, na mtu aliyeishika kazi hiyo kabla yako. Ukifika nayo nyumbani, kula mbao milimita moja moja, usiwe na pupa. Glovu vua, kisu kikidaka uzi wake kinavuta na mkono. Kipande kifupi usikisukume kwa vidole, tumia kibao. Maranda yazoe kila mara, la sivyo yanaziba tundu la kutokea. Na ziba pua, vumbi la mvule halina urafiki na mapafu.

Na ile kinga usiitoe. Kila nikiona inanichelewesha, naukumbuka mkono wa mzee.

Mpaka naandika hapa nimeshauza stuli nane. Machi masika yanaingia, na mama ananidai bati tano. Mwenye kuhitaji kitanda cha mpaini asione haya, aje Tandika afuate kelele. Wiki ijayo tena, Mungu akipenda, tena nikiwa na vidole vyangu vyote kumi.