Zena na Mabano

Katika riwaya ninayoiandika yumo mwanamke aitwaye Zena. Mdomoni humwitikia mumewe kila kitu, moyoni ana yake. Mawazo yake niliyatia ndani ya mabano ya pembe, hivi: <Nitaondoka kesho>. Daftarini yalipendeza. Basi nikaipiga chapa sura ya kwanza kwa HTML, lugha ya kurasa za intaneti, nikampa dada yangu asome kwenye simu.

Akasoma, akanitazama. "Kaka, huyu Zena wako mbona kama gogo? Hana hata wazo moja?"

Nikachungulia. Kumbe kweli! Mawazo yote yametoweka. Kilichobaki ni "Ndiyo, mume wangu" tupu.

Nilitafuta mchawi siku mbili, kumbe mchawi ni mimi. Katika HTML, alama < ikifuatwa papo hapo na herufi huanzisha lebo, yaani agizo kwa kivinjari. Ningeacha nafasi katikati, maneno yangeonekana. Sikuacha. Kivinjari kikadhani "Nitaondoka" ni jina la lebo, na "kesho" ni sifa yake. Lebo hiyo hakiijui, lakini hakikugomba. Kiliipokea, kikaendelea na safari. Na kwa kuwa lebo haionyeshwi kwa msomaji, Zena akawa bubu.

Upole huu ni wa makusudi. Zamani kila kivinjari kilibahatisha kivyake mbele ya kosa. HTML5, iliyopitishwa rasmi mwaka 2014, imeeleza hatua kwa hatua kosa lipokeweje: aya isiyofungwa hufungwa, maneno yaliyopotea ndani ya jedwali huhamishiwa juu yake. XML ya mwaka 1998 haina mchezo huo: kosa moja la muundo, kazi inasimama.

Siku ile nilimtamani huyo mkali. Angenipigia kelele palepale, nami ningejua. Lakini dada angeambulia nini? Ujumbe wa kosa, wala si sura yangu. Msomaji anamhitaji mpole. Mwandishi anamhitaji mkali.

Ndipo nikamwelewa Zena. Yeye naye hupokea kila kosa la mumewe kimyakimya, na mume hudhani nyumba iko salama.

Nimeandika &lt; pale palipokuwa na <, na mawazo yamerudi. Dada kasoma tena, akanirudishia simu.

"Aondoke leo," alisema. "Kesho ya nini?"