Kitufe Chini ya Esc

Gety, Jumatatu 5 Februari 2024

Hati ya parseli iliyoletwa asubuhi imenikalia kichwani hadi sasa. Karatasi imelainika kwa kukunjwa, mikunjo imekula herufi, na mahali pa kipimo panasomeka "25 m 2". Mzee mwenye nayo alitaka niipige upya kabla haijachanika yote. "Mwana yangu, andika vile iko," aliniambia. Nikamwonyesha kwamba vile iko haisemi jambo moja. Ikiwa ni mita za mraba 25, basi parseli yake ni tano kwa tano, yaani chumba kimoja. Ikiwa mwandishi wa kwanza alikusudia mraba wenye mita 25 kila upande, ni mita za mraba 625: nyumba, jiko, choo, migomba, na mahali walipozikwa wazazi wake. Jirani akitaka ugomvi atashikilia ile tano kwa tano.

Nilimwomba arudi na mashahidi na mjumbe wa chefu, wapime pande zote nne kwa kamba, kisha niandike urefu wa kila upande pamoja na jumla. Alikubali.

Kijana anayejifunza kazi hapa sekretariati alikuwa amesimama nyuma yangu. "Yaya, ile mbili ya juu unaandikaka na nini?" Nikamwonyesha kitufe cha kona, chini ya Esc, kushoto kwa 1. Kwenye kibodi zetu za Kifaransa, AZERTY, kimeandikwa alama moja tu, ². Ukikigonga unapata mbili ndogo iliyopanda. Ukishika Shift hakitoi kitu. Vitufe vingine vimefutika kwa vidole na vumbi la kiangazi, hicho bado ni safi. Hakuwahi kukigusa.

Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni mali ya Serikali. Lakini mtu wa huku kwetu Walendu Bindi anaijua ardhi yake kwa mti wa mpaka, kwa neno la chefu, na kwa karatasi kama hii. Mwaka 2006, mapigano ya jeshi na wanamgambo yalipowatoa watu vijijini na maelfu wakajazana hapa Gety, mama alitoka na hati yetu imefungwa ndani ya kitenge. Sufuria aliziacha. Ndiyo maana sitaki kijana aandike "m2" kwa haraka na kusema inaeleweka. Fotokopi ikirudiwa mara kadhaa, ile 2 iliyoketi chini inaweza kusomwa kama tarakimu ya kitu kingine. Iliyopanda haina pa kwenda ila juu ya m yake.

Jumanne 6 Februari, usiku

Betri ya sola bado ina nguvu. Nimekaa na kibodi mbili mezani, ya ofisi na ile iliyokuja na kompyuta kuukuu kutoka Uganda, iliyovushwa ziwa Albert hadi Kasenyi kabla ya kufika kwetu. Hiyo ni ya Kiingereza, QWERTY. Kona yake ileile haina ². Ina mkwaju mdogo unaolala kushoto, na juu yake alama hii: ¬. Katika mantiki maana yake ni "si": weka ¬ mbele ya kauli na umeikanusha. Ilikuwa na kazi kwenye kompyuta kubwa za IBM, ambako waandishi wa programu waliihitaji kusema "si sawa". Waingereza wengi wanaogonga kibodi hiyo kila siku hawajawahi kuihitaji, lakini imebaki na kiti chake.

Nikarudi kwenye AZERTY. Kulia kwa M kuna kitufe cha ù. Katika Kifaransa sanifu, ù inapatikana katika neno moja tu, "où". Neno moja limepewa kitufe kizima, kisichohitaji hata Shift, huku É kubwa, ambayo Mfaransa anaihitaji kuanzia "État" hadi "École", haina kitufe chake. Silisemi hili kwa kuwacheka. Nalisema kwa sababu linaonyesha jinsi kibodi inavyopatikana: ni kama watu walikaa, kila mmoja akaleta kazi yake, mhasibu akaomba £, mpimaji akaomba ², mwalimu wa sarufi akaomba ù, wakagawana nafasi zilizokuwepo. Baadaye kazi zinabadilika, wagawaji wanazeeka, na vitufe vinabaki palepale. Kitufe kisichotumika kwetu kilikuwa jibu la swali la mtu fulani.

Jumamosi 10 Februari

Siku ya soko, watu wengi. Karani wa shule moja alikuja na flash yenye pointi za wanafunzi, amekata tamaa. Kwenye Excel kila akigonga mshale, karatasi nzima inahama na kisanduku alichochagua kinabaki nyuma. Alidhani ni virusi. Nikagonga "Arrêt défil", kile kitufe cha juu kulia kati ya "Impr écran" na "Pause", na mambo yakatulia. Hicho ni cha tangu IBM PC ya kwanza ya mwaka 1981, wakati skrini ilikuwa ya maandishi matupu na kipanya bado hakijazoeleka: ukikiwasha, mishale ilipaswa kusogeza maandishi mbele ya macho badala ya kusogeza alama ya kuandikia. Programu karibu zote zimekisahau. Excel bado inakitii.

Jumapili 11 Februari

Baada ya ibada Mwalimu alinifuata nyumbani na bahasha. Amestaafu shule, lakini bado anafundisha watu wazima kusoma Kingiti, na kikundi chao kimeandika kwa mkono kitabu cha hadithi za kusomea. Anataka nikipige na nikichape nakala za kuanzia.

Nilifungua ukurasa wa kwanza na nikaona kazi ilivyo. Kingiti, au Ndruna kama tunavyokiita wenyewe, kina i na kina ɨ. Kina u na kina ʉ. Masikio ya mtu wa hapa hayazichanganyi kamwe: shina la ulimi linakaa pengine, sauti inabadilika, na neno linabadilika nayo. Juu ya hapo kuna toni, zinazopanda na kushuka, na Mwalimu ameziwekea alama zake kwa kalamu nyekundu. Huu si ubunifu wake. Mtaalamu wa lugha Constance Kutsch Lojenga alichapisha sarufi nene ya lugha yetu mwaka 1994, na tangu hapo hakuna wa kusema kwamba hatujui sauti zetu ni ngapi au zinaandikwaje.

"Mwalimu, mtu akiandika i ya kawaida kila mahali, si watu watasoma tu?" Niliuliza kwa sababu wateja wataniuliza hivyohivyo.

"Anayejua hadithi tayari atasoma," alisema. "Mimi ninafundisha yule asiyeijua."

Jumanne 13 Februari

Ukurasa mmoja asubuhi yote. Kila ɨ ni safari: kufungua orodha ya alama, kutafuta, kubofya, kufunga, kurudi kwenye neno. Kijana aligundua njia ya kunakili herufi na kuibandika, lakini hapo ndipo anapoacha ɨ mahali pa ʉ, maana mkono unakimbia kuliko jicho.

Na tatizo si kompyuta. Ndani yake herufi hizi zipo zamani. Unicode, ile hesabu kuu inayoipa kila herufi ya dunia namba yake, ilizipa ɨ na ʉ ndogo nafasi tangu toleo la kwanza la mwaka 1991, kwa ajili ya wataalamu wa fonetiki. Ʉ kubwa ilisubiri hadi 2006. Nimesoma tarehe hiyo mara mbili. Mwaka uleule ambao watu wetu walikuwa wanalala chini ya turubai hapa Gety, mahali fulani kamati ilikuwa inaipokea Ʉ ili mtu aweze kuanza sentensi nayo. Hakuna aliyetuambia, na wala hatukuwa na masikio ya habari hiyo siku zile. Lakini ilifanyika, na namba ipo, na kilichobaki ni umbali kati ya namba hiyo na kidole changu.

Ijumaa 16 Februari

Nimepata. Nimelala saa chache na sijachoka.

Mtu wangu wa Bunia alimpa dereva wa pikipiki flash yenye programu niliyomwomba, Keyboard Layout Creator ya Microsoft. Ni ya bure. Kutoka Bunia ni kama kilomita 60 kupitia Bogoro, na kwa mtandao wa huku kuipakua kungechukua muda mrefu kuliko pikipiki. Programu inachora kibodi yako kwenye skrini, na kila kitufe unakiuliza: ukigongwa utoe nini?

Nilitaka kuondoa ² niweke ɨ. Nikamkumbuka mzee wa parseli, na nikaacha. Hapa ² ina kazi ya kweli, siwezi kuinyang'anya.

Ndipo nikatazama kitufe kilicho kulia kwa P, chenye ^. Ukikigonga peke yake skrini inakaa kimya. Kinasubiri. Ukigonga e baada yake inatoka ê, ukigonga o inatoka ô. Wafaransa wanakiita kitufe kilichokufa, ingawa kwa kweli ndicho chenye uvumilivu kupita vyote. Nikaifundisha kona kusubiri vilevile:

² kisha i, inatoka ɨ.
² kisha u, inatoka ʉ.
Vivyo hivyo kwa herufi kubwa, Ɨ na Ʉ.
² kisha nafasi, inatoka ² yenyewe, na m² ya mzee iko salama.

Toni zilinipa kazi zaidi. Unicode haina namba moja kwa ɨ pamoja na alama ya toni juu yake. Inabidi kuandika herufi, kisha alama ya pili inayopanda na kukaa kichwani mwake. Kwa hiyo toni nimezipeleka kwenye vitufe vilivyo tupu chini ya AltGr: toni ya juu kwenye ù, ya chini kwenye m. Ù imebaki palepale kwa ajili ya "où".

Kuna watakaosema kibodi haiguswi, imepangwa na wenye akili. Wenyewe waliigusa. Mwaka 2019 shirika la viwango la Ufaransa, AFNOR, lilitoa mpangilio mpya wa AZERTY, na kwenye kona hiyohiyo chini ya Esc wameweka @, kwa sababu siku hizi watu wao wanaandika anwani za barua pepe zaidi kuliko mita za mraba. Waliangalia kazi yao wakapanga upya. Sisi pia tuna kazi, na nafasi ni ileile.

Jumatatu 19 Februari

Mzee alirudi na mashahidi. Walipima mbele ya mjumbe wa chefu: pande mbili ni mita 25, moja 24, na ya nne, inayofuata mto, 26. Si mraba kamili, na mpaka wa mto umepinda, kwa hiyo sikukubali kuandika 625 kamili kwa kuwa tu ni namba nzuri. Nimeandika pande nne, nimetaja mti wa mpaka na mto, na mjumbe ameweka eneo kuwa "takriban 625 m²", wote wakatia kidole. Mzee aliuliza kile kidogo cha juu ni nini. Nilimweleza. Akakitazama kwa muda, akasema, "Kiache vizuri, kisifutike."

Mchana nilimketisha Mwalimu mbele ya kompyuta. Hajawahi kuandika Kingiti kwa mashine, miaka yote hiyo ya kufundisha. Nilimwonyesha kona. Alitafuta herufi kwa kidole kimoja, polepole, akaandika jina la kijiji alichozaliwa, na toni zake zote. Kisha jina la mama yake. Kijana na mimi hatukusema kitu, tukamwacha aendelee. Aliandika majina ya ndugu zake, walio hai na wasiokuwapo, na kila jina lilipotokea aliinama kulikagua kwa ukali uleule anaokagulia daftari za wanafunzi. Moja alilifuta akalirudia kwa sababu toni ilikaa chini badala ya juu.

Alhamisi 22 Februari

Kurasa za hadithi mbili zimekwisha. Kwenye printa herufi ndogo zinatoka safi, lakini Ʉ kubwa inatoka kama kisanduku kitupu: fonti tuliyotumia ni ya zamani, haiijui. Nimetuma ujumbe Bunia waniletee Andika, fonti ya shirika la SIL iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaoanza kusoma. A yake ni ile ya mkono na i haifanani na l. Dereva anapanda Jumamosi.

Kijana ameanza kugonga kona bila kuangalia chini. Anapiga hadithi ya tatu sasa, na ninamsomea kwa sauti kutoka kwenye karatasi za Mwalimu ili asikosee toni. Mwalimu mwenyewe ametuma mtu kuuliza kama kibodi hii inaweza kuwekwa pia kwenye kompyuta ya shule, na kama itabidi kununua kitu. Nimejibu kwamba aje na flash.