Imelika au Imeliwa?

Gari langu lilikuwa halijatimiza kilomita 12,000 klachi ilipoanza kuteleza: injini ikivuma, mwendo usiongezeke. Nilikuwa nimekwisha kuandika barua kali ya kumlaumu aliyeniuzia.

"Klachi imelika, mwalimu," fundi akasema. Kisha akauliza, "Ukitoka ferini Likoni, foleni ikasimama kwenye mwinuko, gari hulizuiaje lisirudi nyuma?"

Nikajibu kwa fahari: kwa klachi nusu na mafuta kidogo, bila breki.

"Basi imeliwa na mguu wako. Ikishikwa nusu husuguana ikaungua."

Miaka mingi nilifundisha kutendeka na kutendwa: kauli ya kwanza humficha mtenda, ya pili huweza kumtaja. Barua nikaichana. Siku hizi navuta breki ya mkono.