Mng'ao wa Kioo na Mng'ao wa Satini

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi maseremala wa Ugalla, nchi ya mininga na mizinga ya nyuki, tunaujua ukweli huo katika vanishi. Upo mng'ao unaomwita mtu kutoka barabarani, na upo mwingine unaongoja aguse kwanza. Wa kwanza tunauita glosi, wa pili satini. Nimeipiga yote miwili kwenye vitanda na makabati, lakini sijaona mahali inapopimana nguvu kama kwenye gitaa la umeme.

Gitaa hili halina tumbo la kukuza sauti. Bodi yake ni ubao mzito, na sauti hutokana na nyuzi za chuma zinazotikisika juu ya sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba. Kwa hiyo vanishi ya juu haibadilishi sana sauti. Ni kwa ajili ya jicho na mkono. Ndiyo maana kampuni ya Fender ya Marekani, tangu miaka ya 1950, iliweza kuchukua rangi za magari na kuzipulizia magitaa, nayo yakapendeza.

Watu hudhani glosi hutoka kwenye kopo. La hasha. Mbao kama mninga ina vitundu vidogo, na usipovijaza kwa sila, vanishi itadidimia humo na kila kitundu kitaonekana. Unapaka sila, unasugua kwa msasa namba 240, kisha 320, unarudia. Halafu vanishi nyembamba, tabaka juu ya tabaka, na kuiacha wiki kadhaa ikauke hadi ndani. Ndipo unasugua kwa maji: msasa namba 800, 1000, 1500, 2000, na mwisho polishi. Ajabu yake ni kwamba unaleta mng'ao kwa kukwaruza! Kila msasa unafuta mikwaruzo ya uliotangulia na kuacha midogo zaidi, mpaka jicho lishindwe kuiona. Hapo mwanga unarudi kwa pamoja, kama maji ya mto Ugalla alfajiri kabla ya upepo. Satini ni maji yale yale upepo ukipita: uso una mikwaruzo midogo sana, au vanishi ina unga laini ndani yake, na mwanga unatawanyika.

Hali ya hewa nayo ina lake la kusema. Masika, unyevu huingia kwenye vanishi mbichi na kuacha ukungu mweupe. Kiangazi, vumbi hutua juu yake. Mwezi wa Mei, mvua zikishakatika na vumbi halijapanda, ndio wakati wangu wa glosi.

Mwezi kama huo kijana mmoja aliniletea gitaa la marehemu baba yake, aliyekuwa akipiga katika bendi zama za Tabora Jazz. Vanishi ilikuwa imepasukapasuka, na pale mkono wa mzee ulipokuwa ukiegemea, ilikuwa imeisha kabisa. Mti umebaki mtupu, laini kama jiwe la mtoni.

"Shikamoo fundi. Nataka ling'ae kama jipya."

Nilimweleza kwamba glosi haifichi kitu. Ili niipate, lazima nisugue bodi yote hadi kwenye mti, pamoja na alama ya mkono wa baba yake. Akitaka satini, ningelisafisha tu, nifunge nyufa na kulisugua kwa nta, alama ibaki. Alinyamaza kwa muda. "Ngoja nikamuulize mama," akasema.

Alirudi baada ya siku mbili. "Mama anasema sugua. Baba alikuwa akilifuta kila Jumamosi kabla ya dansi. Alama ile ilimuudhi, akaifunika kwa mkono wa shati."

Nikasugua. Bodi nikaipa glosi. Shingo nikaipa satini na nta yetu ya hapa, kwa sababu kiganja chenye jasho hunata kwenye glosi, bali kwenye satini huteleza.

Kumbukumbu ya marehemu ina wenyewe. Fundi anaweza kupenda alama kwa sababu ni nzuri machoni pake, lakini aliyelala nyumba moja na mwenye alama ndiye anayejua ilikuwa fahari au kero.

Na mkono haukomi kufanya kazi yake. Glosi ikisuguliwa na nguo mwaka hadi mwaka hufifia. Satini ikisuguliwa na kiganja huanza kung'aa. Vanishi zote mbili huondoka karakana zikitazamana kwa mbali, kisha matumizi huzisogeza karibu. Kijana huyo naye ana mkono wake, na anapiga kila wiki.